Shajara ya mradi: watu watano, siku kumi, Japani

Jumapili, 14 Januari 2024. Miji: minane

Leo tumekutana gereji kwa fundi, Ilala, tukakalia viti vilivyong'olewa kwenye Noah. Tuko sita: fundi mwenyewe, mwalimu wa historia, dada muuguzi (mtu wa Tanga), mama kanga mwenye duka Kariakoo, shemeji yake, na mimi. Tumekuwa tukichanga kila mmoja laki tatu na nusu kila mwezi tangu Januari ya mwaka jana, na safari ni Novemba ya mwaka huu. Mimi ndiye mweka hazina. Kwa kuwa mweka hazina ndiye hulaumiwa siku ya mwisho, nimeamua kila kikao kiandikwe humu, na kila kosa lenye mwenyewe liandikwe na mwenyewe.

Kila mtu kataja anachokitaka. Fundi anataka Nagoya kwa sababu ya Toyota. Pale gereji kuna Hiace ambayo mlango wake bado una stika ya maandishi ya Kijapani, 自動ドア, na konda wa gari hilo huwaambia abiria kuwa imeandikwa "lipa nauli mapema". Maana yake ni mlango unaojifungua wenyewe. Mlango wenyewe siku hizi unafungwa kwa kamba. Fundi anasema anataka kufika nchi ambako mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma Hiace yake.

Mwalimu kataja Hiroshima na Nagasaki. Muuguzi anataka Kyoto wakati majani yanageuka rangi. Mama kanga anataka Osaka. Bibi yake alimwachia doti ya kanga ambayo pembeni imeandikwa kuwa imetengenezwa Japani. Enzi hizo viwanda vya huko vilichapa kanga kwa ajili ya soko la pwani yetu, na mama kanga bado hajaacha kustaajabia kwamba mafumbo ya mke mwenza yalikuwa yakipigwa chapa na mtu ambaye huenda hakujua hata neno moja la Kiswahili. Shemeji anataka Sapporo, aone theluji. Mimi Tokyo. Mlima Fuji tumeutaja wote kwa pamoja, na mwalimu akakumbusha kwamba una mita 3,776, wakati Kilimanjaro, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuupanda, una mita 5,895.

Miji minane, siku kumi. Nimeandika bila kucheka.

Jumapili, 3 Machi. Miji: sita

Mwalimu kaja na ramani, akaibandika kwenye boneti. Kutoka Sapporo hadi Nagasaki ni mbali kuliko reli yote ya Dar hadi Kigoma. Sapporo imekufa hapo hapo. Nagasaki imekufa baada ya dakika arobaini za mwalimu kuitetea.

Shemeji alipoona theluji yake imekatwa akatangaza kwamba anaoa mwezi wa sita na anaomba hela zake. Sijui kilianza kipi, harusi au Sapporo. Nimemrudishia zote, kasaini. Tumebaki watano.

Kuna aliyeuliza kwa nini isiwe Aprili, tukaone maua ya mcheri. Kwanza hela haitakuwa imetosha. Pili, maua yenyewe yana wiki moja hivi ya kupendeza, na tarehe hubadilika kila mwaka. Mwishoni mwa Aprili hadi tarehe 5 Mei Wajapani wenyewe wana sikukuu zilizofuatana na treni hazishikiki. Juni ni mvua. Agosti na Septemba ni vimbunga. Novemba ni kukavu, baridi ya jaketi moja, na majani mekundu. Novemba imepitishwa.

Jumapili, 12 Mei. Miji: sita

Tiketi za ndege zimekatwa. Tulilinganisha njia ya Addis Ababa, ambayo inatua Seoul kabla ya kufika Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, na njia za Ghuba. Ya Addis ilikuwa nafuu, lakini ingetulazimu kurudi Tokyo kupanda ndege ya kurudi. Kupitia Ghuba tunaingia kwa Tokyo na kutoka kwa Osaka, kwa hiyo hatuilipii treni ileile mara mbili wala hatuipotezi siku nzima kurudi tulikotoka. Kuondoka 19 Novemba, kuanza kurudi usiku wa 29. Kila kichwa 3,900,000.

Mpwa wa mama kanga, aliyewahi kusoma huko, alituambia tusifikirie mara mbili, tununue pasi ya reli ya siku saba, "inajilipa yenyewe". Ilikuwa inajilipa enzi zake. Hadi Septemba 2023 ilikuwa yeni 29,650. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 ikawa yeni 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa Shinkansen, treni yao ya mwendo kasi, ni kama yeni 14,000, na Kyoto hadi Osaka kwa treni ya kawaida ni yeni 580. Hata ukiongeza Hiroshima kwenda na kurudi, hufiki 50,000. Nimelichora hesabu hilo kwa chaki ukutani mwa gereji. Fundi kagoma lisifutwe, anasema linawafaa wateja wake wanaopenda kununua seti nzima ya brashi wakati iliyokufa ni moja.

Jumapili, 7 Julai. Miji: mitano

Kikao kirefu, na kosa la leo ni langu, ingawa wakati huo sikulijua. Nimerudi kuandika hivyo baadaye.

Yeni imeanguka. Wiki hii dola moja imefika yeni 161, haijawahi kuwa dhaifu hivi tangu 1986. Kwa shilingi, yeni moja inakuja kwenye 16 na nusu. Hoteli zetu zote, usiku tisa, watu watano, ni kama yeni 450,000. Mama kanga akasema: "Mweka hazina, lipa leo. Bidhaa ikishuka hivi hungoji ishuke tena, unafunga mzigo." Mimi nikasema vyumba tumevishika kwa masharti ya kughairi bure, tukilipa sasa tunajifunga, na kwanza yeni itazidi kushuka. Nikashinda kwa kura tatu kwa mbili.

Hiroshima imekatwa. Si kwamba hatuitaki. Ukipanga siku kumi ukatoa siku ya kufika, siku ya kuondoka na siku ambayo wawili au watatu kati yetu watakuwa wamelala kwa uchovu wa ndege, unabakiwa na saba. Mwalimu hakusema kitu. Alikunja ramani yake taratibu, akaondoka kabla chai haijaja. Ingekuwa afadhali angegomba.

Jambo dogo: tarehe 3 mwezi huu Japani imetoa noti mpya. Ya 10,000 ina Shibusawa Eiichi badala ya Fukuzawa Yukichi, ya 5,000 ina Tsuda Umeko, ya 1,000 ina Kitasato Shibasaburo. Noti za zamani bado ni halali. Muuguzi amefurahi sana, maana Kitasato ni mtu wa bakteria: mwaka 1894 alikuwa Hong Kong akitafuta kijidudu cha tauni. Amesema hatamtumia, atamweka kwenye fremu.

Jumapili, 11 Agosti. Miji: mitano

Alhamisi iliyopita, tarehe 8, tetemeko la 7.1 limepiga kusini mwa Japani, baharini karibu na Miyazaki. Baadaye mamlaka ya hali ya hewa ya huko ikatoa tahadhari ya tetemeko kubwa katika mfereji wa bahari wa Nankai, ya kwanza tangu utaratibu huo uwepo. Habari zikafika Tanga haraka kuliko zilivyofika kwangu.

Muuguzi aliweka simu sauti ya juu tukasikia wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia huko mnakokwenda ardhi inatikisika."

"Ni tahadhari tu, mama. Wenyewe wamezoea."

"Wenyewe wamezoea. Wewe umezoea?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tumekubaliana mambo matatu: kila mmoja ana programu ya tahadhari kwenye simu kabla ya kuondoka, bima ya safari ni lazima na italipwa kutoka mfuko wa pamoja, na kila hoteli tukifika tunauliza njia ya kutokea kabla hatujauliza neno la siri la intaneti. Mama ameomba na la nne, kwamba apigiwe simu kila siku. Limepita.

Jumapili, 15 Septemba. Miji: mitano

Sasa kosa la Julai. Mwisho wa mwezi ule benki kuu ya Japani ilipandisha riba, yeni ikaruka, na wiki hii dola moja inapata yeni 140 tu. Kwa shilingi yetu yeni imefika 19 na zaidi. Chumba kilekile, kitanda kilekile, tofauti ni kama 1,260,000 kwa kundi, laki mbili na nusu kila kichwa. Mama kanga hakunisema. Alitoa kikokotoo chake cha dukani, akapiga namba, akakigeuza nikaiona. Nimejitolea kuchukua kitanda kibaya popote tutakapolala. Wamekubali haraka mno.

Tatizo la pili pia lina harufu yangu. Kwa ajili ya viza kila mwombaji anaonyesha taarifa yake ya benki. Hela zetu zote ziko akaunti moja, yangu. Kwenye karatasi mimi tajiri, na wenzangu wanne wanataka kwenda Japani kwa nauli ya daladala. Nikigawa leo, kila akaunti itaonyesha hela nyingi zilizoingia ghafla, nako ni kutafuta maswali. Tumeamua kugawa na kusema ukweli: barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kikoba chetu, na nakala ya daftari la michango ya miezi ishirini na moja, saini kwa saini. Daftari lina doa la grisi ukurasa wa Aprili. Limeenda na doa lake.

Nyaraka nyingine: fomu, picha, barua ya mwajiri kwa walioajiriwa, leseni ya biashara na karatasi za kodi kwa fundi na mama kanga, tiketi, hoteli, na ratiba ya siku kwa siku, tarehe na mahali na pa kulala. Hii ya mwisho ndiyo iliyotupatanisha kuliko vikao vyote. Mdomoni unaweza kuwa Nagoya na Kyoto siku moja na bado ukaahidi Fuji machweo. Kwenye jedwali kila tarehe ina mstari mmoja.

Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo hatukuwa na haraka. Tunapeleka katikati ya Oktoba.

Jumapili, 13 Oktoba. Miji: mitano, si ileile

Ijumaa usiku simu yangu iliingia ujumbe wa mwalimu, neno moja: "Umeona?" Tuzo ya Nobeli ya Amani imekwenda kwa Nihon Hidankyo, chama cha walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki.

Leo mwalimu kaja na ramani ileile. Safari hii hakuhutubia. Alisema anafundisha kidato cha nne tarehe 6 Agosti 1945 kila mwaka, kwamba kwenye makumbusho ya Hiroshima kuna saa iliyosimama saa mbili na robo asubuhi, na kwamba kiingilio ni yeni 200. "Nipeni siku moja. Naweza kwenda peke yangu."

Muuguzi akamjibu, "Mwalimu, hakuna wa kwenda kule peke yake."

Kutoka Kyoto ni kama saa moja na dakika arobaini kwa treni. Ni siku moja, bila kuhama hoteli. Ilibidi kitu kitoke, na kilichotoka ni Fuji. Hiyo ilinishangaza, kwa sababu Fuji ndio mahali pekee tulipopataja wote Januari. Lakini fundi alikuwa na hoja: kuupata mlima ule kwa karibu kunataka siku nzima na anga safi, na mwaka huu umati umekuwa mkubwa kiasi kwamba mji mmoja pale chini uliweka pazia jeusi mbele ya duka watu waache kujazana barabarani kupiga picha. "Mimi nilishaona foleni," akasema fundi. Isitoshe, mlima unaonekana kwenye dirisha la treni ukitoka Tokyo, upande wa kulia, robo tatu ya saa tangu kuondoka. Bure.

Ratiba mpya imechapwa usiku huohuo. Tokyo usiku nne. Jumapili tarehe 24 tunashuka Nagoya kwa saa tano (makumbusho ya Toyota hufungwa Jumatatu, tumeponea hapo), kisha Kyoto usiku nne, ndani yake Hiroshima siku moja na asubuhi moja ya kulala. Osaka usiku mmoja. Makumbusho hayo ya Nagoya yako kwenye kiwanda cha zamani cha kufuma nguo, kwa kuwa ukoo wa Toyoda ulianza na mitambo ya kufumia kabla ya magari. Mama kanga, aliyekuwa amepanga kubaki stesheni na mizigo, ghafla anataka kwenda.

Ijumaa mbili zimo: ya kwanza tuko Tokyo, muuguzi ataswali msikiti wa Tokyo Camii. Ya pili ni siku ya kuondoka, na Kobe iko nusu saa tu kutoka Osaka, penye msikiti wa kwanza wa Japani, wa mwaka 1935, uliosalimika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Kuhusu chakula, amejifunza kuitambua alama ya nguruwe, 豚, na ya pombe, 酒. Ya pili ndiyo ngumu, maana divai ya mchele inaingia hata kwenye mchuzi wa samaki na kwenye lebo inaweza kujificha ndani ya neno jingine.

Alhamisi, 24 Oktoba. Miji: mitano

Viza zote tano zimetoka. Nilizipitia jina kwa jina nikiwa nimesimama kivulini Upanga, mikono ikinitetemeka kama ya mtu aliyefaulu mtihani.

Lakini la leo ni lingine. Viti vya treni kwa kawaida vinafunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 10:00 ya Japani. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, nikatoa, nikapata 4:00 ya kwenye simu. Yaani saa kumi alfajiri. Nikaangalia nilichoandika: huko 10:00, kwetu saa kumi. Nikajaribu nyingine. Kwao 16:00, mshale kwenye nne. Kwetu saa nne asubuhi. Kwao saa 1:00 ya mchana, kwetu saa moja asubuhi.

Mswahili anahesabu saa tangu jua linapochomoza, saa sita nyuma ya namba za saa ya ukutani. Mjapani yuko saa sita mbele. Tunakutana katikati. Nilimpigia mwalimu saa kumi na dakika tano alfajiri kumweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tiketi nimekata.

Nimekata. Kadi ya benki moja ilikataliwa mara tatu, ya muuguzi ikapita.

Jumapili, 10 Novemba. Miji: mitano na dirisha moja

Safu ya viti kwenye Shinkansen ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili: A, B, C, njia, D, E. Watu watano, safu moja, kana kwamba walitupima. Ila Fuji iko upande wa E na E ni kimoja. Tumepiga kura kwa vizibo vya soda kwenye kofia ya fundi. Kapata mama kanga. Mwalimu kapata D, na tayari wameanza kujadili bei.

Na mlima wenyewe karibu utuaibishe. Mwaka huu theluji ya kwanza imeonekana juu yake tarehe 7 Novemba, siku tatu zilizopita, kuchelewa kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu zianze 1894. Tungekwenda Oktoba tungeona kilima cha kahawia.

Mizigo. Begi likizidi jumla ya sentimita 160, urefu na upana na kina, unatakiwa uwe umeshika kiti chenye nafasi yake mapema. Mama kanga kavuta tepu ya fundi cherehani tukapima moja moja. La fundi 171. Akabisha kwamba magurudumu hayahesabiki. Hatukumkubalia. Ameazima la mwalimu. Mama kanga alikuja na shangazi kaja, akasema lenyewe halina kipimo, linajikunja popote. Hilo tumeliacha aende nalo likiwa tupu, ndani ya begi, kwa ajili ya kurudi.

Muuguzi kakagua dawa zetu. Za mafua zenye sudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia, na mimi nilikuwa na vidonge nisivyojua vina nini. Vimebaki. Kilichouma ni sambusa: mama wa fundi alishaanza kupanga sambusa za nyama hamsini za njiani, na nyama haiingii, iwe mbichi, iwe imepikwa, iwe imekaushwa. Fundi ndiye atakayemwambia. Hatujamwonea wivu.

Makoti tumeyapata kwenye mitumba ya Karume. Langu ni zito kweli, na mfuko wa ndani ulikuwa na tiketi ya basi ya mji nisiojua kuusoma.

Jumatatu, 18 Novemba, usiku

Ndege ni kesho jioni. Vyumba ni viwili vya watu wawili na kimoja cha peke yake. Cha peke yake amepewa mwalimu kwa kauli moja, kwa sababu anakoroma. Anadhani ni heshima ya umri. Kitanda cha pembeni ya mlango ni changu kila mahali, kama nilivyoahidi Septemba.

Dola ziko kwenye bahasha tano, zilivyopatikana, na zilipatikana kwa shida. Kadi za treni tutachukua uwanja wa ndege tukifika, zile za wageni za siku 28, maana simu zetu nyingi hazina kile kifaa cha ndani ambacho mashine za huko zinakitaka.

Muuguzi ametuunganisha na mama yake kwa mara ya mwisho. Mama ana karatasi na kalamu, anataka aandikiwe namna ya kujua ni saa ngapi huko, asije akapiga usiku. Muuguzi akanipa simu.

"Shikamoo, mama. Usiandike kitu. Saa yako ya ukutani inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Usiisome Kiswahili. Tazama tu mshale mfupi umelalia namba gani."

Kimya kidogo. "Tisa. Yaani saa tatu hii."

"Basi kule sasa hivi ni saa tisa. Ya usiku mkubwa."

"Namba ileile ya ukutani?"

"Ileile, mama. Kila siku."

Nilimsikia akiburuta kiti, nadhani alikuwa anaisogelea saa. Kisha akasema tulale mapema, akakata.

Ujumbe wa fundi umeingia hivi punde: begi la mwalimu limegoma kufunga, anauliza kama nina grisi. Nimuulize yeye?